Nyuki wa Pili

Huku kwetu Maniema mtu akipona ugonjwa, watu husema: "Sasa mwili wake umezoea." Neno hilo ni la wazee, na mara nyingi ni la kweli. Mtoto aliyeugua surua akapona, haugui tena. Lakini leo nataka kuwasimulia habari ya siku ambayo neno hilo lilitudanganya, mimi wa kwanza, likakaribia kumwua mdogo wangu, na likaharibu jina la mwanamke asiye na kosa. Siandiki ili kuonyesha elimu, maana elimu kidogo niliyokuwa nayo ndiyo iliyonikosesha.

Nyumba yetu ipo Kindu, upande wa kushoto wa mto Lualaba, mahali inapokoma reli itokayo kusini. Mimi ni katekista. Nilisoma seminari miaka kadhaa, nikatoka kabla ya mwisho, nikaoa, nikarudi nyumbani, na tangu hapo watu waniita Mwalimu. Mdogo wangu hakukaa sana shuleni. Yeye alifuata kazi ya marehemu baba yetu: kuvuka mto kwa pirogi hata Alunguli, kuingia msituni, kutafuta asali katika miti mikubwa, na kuileta sokoni katika bidoni za manjano. Asali yake ilijulikana. Watu walisema haikutiwa maji wala sukari, na ilikuwa kweli.

Mwaka mmoja wakati wa kiangazi, nyuki walimrukia akiwa juu ya mti, nao moshi umezimika. Wakamchoma mara sita au saba. Hilo halikuwa jambo la ajabu, maana baba yetu alichomwa na nyuki maisha yake yote, na alikuwa akiwang'oa miiba yao mkononi huku akiongea mambo mengine. Lakini mdogo wangu aliporudi nyumbani nilimwona amebadilika. Mwili mzima ulikuwa na mabaka mapana yenye kuwasha, kama mtu aliyepita katika upupu, hata tumboni na mgongoni ambako nyuki hawakugusa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba. Mke wake alimwogesha maji ya baridi, na jioni mabaka yakaisha. Alikula bukari na sombe kama kawaida.

Usiku ule tulikaa barazani pamoja na majirani. Mmoja aliuliza kama si vizuri aache kazi ile. Hapo mimi, Mwalimu, nikafungua kinywa. Nikawaeleza habari za chanjo: ya kuwa mtu akipewa ugonjwa kidogo, mwili wake hujifunza kupigana nao, na safari ya pili haumwezi tena. Nikamgeukia mdogo wangu, nikasema: "Leo nyuki wamekuchanja. Safari nyingine hutasikia kitu." Watu wakacheka, wakanisifu. Naye akaniamini, kwa sababu mimi ni yaya wake, na kwa sababu nilisoma.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, shangazi yetu alikuja kudai bidoni ya asali aliyoahidiwa tangu zamani. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuiuza. Wakajibizana. Shangazi ni mwanamke mwenye maneno makali, hata marafiki zake wajua hivyo. Alipotoka mlangoni alisema kwa sauti ambayo njia nzima ilisikia: "Asali hiyo itakutokea puani!"

Haikupita saa moja. Mdogo wangu alikuwa uani akikamua masega kwa kitambaa. Nyuki mmoja aliyebaki katika sega alimchoma shingoni. Nyuki mmoja tu. Aliupangusa, akacheka, akaendelea. Baada ya dakika chache akasema viganja vyamwasha. Kisha nyayo. Kisha sauti yake ikakwaruza kama ya mtu mwenye mafua, pua ikaziba, kope zikavimba. Alitapika mara moja, akasimama kwenda kukaa kivulini, akaanguka. Nilipomgusa alikuwa wa baridi, ametota jasho, na pumzi ilikuwa ikipiga filimbi kifuani.

Jirani alikuwa na pikipiki. Tukampandisha katikati yetu, ameketi wima, kichwa kimelala juu ya mgongo wa dereva, nami namshika kwa nyuma. Baadaye nilijifunza kwamba hata hapo nilikosa, maana mtu ambaye damu yake imepungua nguvu hivyo hapaswi kuketi wala kusimama. Moyo waweza kukosa damu ya kusukuma, akafa palepale. Lakini Mungu alituhurumia, nasi hatukuwa mbali na kituo cha afya.

Mwuguzi aliyetupokea, ambaye sote twamwita Munganga, hakuuliza maneno mengi. "Mlazeni chini! Miguu juu!" Akamkata suruali, akamchoma sindano ya adrenalini pajani, upande wa nje, nusu miligramu. Akangoja dakika tano akiwa ameshika mkono wake. Akachoma ya pili. Kisha akamfungia maji ya mshipani. Nami nilikuwa nimepiga magoti kando, na sala niliyokuwa naifundisha watoto kila siku ilinipotea kinywani. Baadaye mdogo wangu alifumbua jicho moja, akasema: "Yaya, nani amenikata suruali?"

Nilitaka tumrudishe nyumbani mchana uleule. Munganga alikataa. Alisema: "Mwalimu, mambo haya yaweza kurudi bila nyuki mwingine." Na kweli, jioni mabaka yalitokea tena na kifua kikaanza kupiga filimbi, akamchoma sindano ya tatu. Tulilala pale.

Usiku ule, mgonjwa amelala, nilimwuliza Munganga: "Mwaka uliopita alichomwa na nyuki saba akapona. Leo ni mmoja. Imekuwaje?" Akaniuliza yaliyotokea mara ya kwanza. Nilipomwambia habari za mabaka na mdomo kuvimba, alinyamaza kidogo, akasema: "Basi mlikuwa mmeonywa." Nami nikajua ni nani aliyeonywa.

Alinieleza hivi. Mwili una askari wake. Adui akiingia, askari hutengeneza silaha inayomfaa adui yule tu. Waganga huiita kingamwili. Silaha hiyo hukaa, na adui akirudi, vita huisha upesi. Huo ndio msaada wa chanjo, na usidanganywe, msomaji, ukadhani habari hii yaharibu sifa ya chanjo. Kumbukumbu hiyohiyo ya mwili ndiyo iwakingayo watoto wetu na surua na pepopunda. Lakini mara nyingine mwili huwa mkali kupita kiasi, juu ya kitu ambacho hakikustahili vita kubwa: sumu ya nyuki, dawa, chakula, vumbi. Hutengeneza kingamwili za namna ya pekee, nazo huenda kushikamana na seli fulani zilizo chini ya ngozi, kooni, kifuani na tumboni, zilizojaa mifuko midogo ya dawa kali, kama histamini. Mara ya kwanza ni kutega mtego. Kitu kilekile kikirudi, hata kidogo, mtego hufyatuka mwili mzima kwa dakika chache. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja, ngozi huvimba, njia za pumzi hubanwa, nguvu ya damu huanguka. Si sumu ya nyuki inayoua; ni mwili wenyewe unaochoma nyumba yake kwa ajili ya kumfukuza panya. Adrenalini hukaza mishipa, hufungua kifua na kuzuia ile mifuko isiendelee kupasuka.

Baadaye alinipa kitabu cha Kifaransa, na humo nikakuta jambo lililonifariji na kunitahayarisha pamoja. Kosa langu lilikuwa limekwisha kufanywa na mtaalamu mkubwa. Mwaka 1901 Charles Richet wa Paris na mwenzake Paul Portier walisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monako, wakachunguza sumu ya mnyama wa baharini aeleaye kama kibofu, mwenye nyuzi ndefu zinazochoma. Waliporudi Ufaransa waliendelea na sumu ya mnyama mwingine wa bahari. Waliwachoma mbwa sumu kidogo, wakitumaini kuwazoeza. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, hakudhurika na sindano ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa, akiwa mzima kabisa, wakamchoma tena sumu kidogo. Mara akatweta, akaanguka, akatapika, na haikutimia nusu saa akafa. Walikuwa wanatafuta kinga wakapata kinyume chake. Kwa hiyo mwaka 1902 Richet alilitungia jambo hilo jina kutoka Kigiriki, anafilaksi, akitaka kusema kinyume cha kinga. Mwaka 1913 alipewa tuzo la Nobel. Tofauti kati yake na mimi ni hii: yeye alipoona matumaini yake yamepinduka, aliyatangaza. Mimi nilinyamaza.

Maana, wasomaji, wakati sisi tulipokuwa kituoni, mambo mengine yalikuwa yakitendeka nyumbani. Njia nzima ilikuwa imesikia: "Itakutokea puani." Na njia nzima ilikuwa imeona pua ikiziba na uso ukivimba. Nani atauliza zaidi? Usiku ule watu walitupa mawe juu ya bati la nyumba ya shangazi. Kabla ya mapambazuko alichukua mjukuu wake na sufuria mbili, akavuka mto kwenda Alunguli kwa rafiki yake. Kutoroka kwake nako kukawa ushahidi.

Niliporudi, wazee wa ukoo waliniuliza: "Mwalimu, wasemaje?" Nilikuwa nimekwisha kuelezwa yote. Ningaliweza kusema. Lakini kusema kweli kulitaka niseme pia kwamba dalili ilionekana mwaka mzima kabla, mbele ya macho yangu, nami nikaiita chanjo mbele ya watu wote. Nikasema: "Tungoje kidogo." Neno hilo ni laini. Halimshtaki mtu. Nalo lilimwacha mwanamke mzee ng'ambo ya mto kwa siku tisa, akiitwa mlozi.

Katika siku hizo nilisoma kitabu cha Munganga, nikifikiri kwamba nasoma kwa ajili ya elimu. Nadhani nilikuwa najificha. Hata hivyo niliyoyasoma yafaa kila nyumba, nami nitayaeleza kwa kifupi. Mwaka 1963 Waingereza wawili, Philip Gell na Robin Coombs, waliyapanga maudhi haya ya mwili katika namna nne, na mpango wao wafuatwa hata leo.

Ya kwanza ni hii ya mdogo wangu, ijayo kwa dakika. Humo mna pia pumu ya watu wengi, na mabaka yanayomtokea mtu akila samaki fulani au karanga, na baadhi ya wale wanaoanguka baada ya sindano ya penisilini.

Namna ya pili, kingamwili hushambulia seli zenyewe za mwili. Mtu akitiwa damu isiyolingana na yake, kingamwili alizo nazo tangu zamani huzivunja chembe za damu ile. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza. Humo huhesabiwa pia homa ya viungo ya watoto. Mtoto huumwa koo, watu hudharau. Mwili hutengeneza silaha juu ya kijidudu cha koo, na silaha ile hufananisha kijidudu na moyo wa mtoto mwenyewe. Wiki mbili tatu baadaye huja homa, magoti na viwiko huvimba kwa zamu, na milango ya moyo yaweza kuharibika maisha yote.

Namna ya tatu, kingamwili na adui hushikamana, hufanya vifungu vidogo, navyo hukwama katika mishipa myembamba, katika figo na katika viungo. Mwaka 1905 waganga wawili wa Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick, walieleza homa iwajiayo watu siku nane hata kumi na mbili hivi baada ya kuchomwa dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi: viungo huuma, ngozi huwasha, tezi huvimba. Dawa za kuumwa na nyoka hutengenezwa hivyo hata leo, kwa hiyo mkulima aliyeokolewa na sindano hiyo, kisha akaugua hivyo wiki iliyofuata, asidhani sumu ya nyoka imerudi au ametegewa. Arudi kwa mganga. Tena yuko mtoto mwenye vidonda vya upele vilivyotunga usaha, ambaye asubuhi moja aamka uso umevimba, na mkojo wake una rangi ya chai nzito. Wangapi kati yetu wamesema: "Amelishwa sumu"? Ni figo zake.

Namna ya nne haina haraka. Haifanywi na kingamwili bali na askari wenyewe, nao huchukua siku mbili au tatu kukusanyika. Ndiyo njia ya kipimo cha kifua kikuu ambacho Charles Mantoux alikieleza mwaka 1908: mtu huchomwa kidogo ndani ya ngozi ya mkono, na uvimbe husomwa baada ya saa 48 hata 72. Ndiyo pia sababu ya taabu moja ya wagonjwa wa ukoma. Mgonjwa ameanza dawa, apona, na ghafula mabaka ya zamani yawa mekundu na kuvimba, mshipa wa kiwiko wauma, vidole vyalegea. Hudhani dawa yamwua, akaitupa. Kumbe mwili wake umeamka na kushambulia masalio ya vijidudu, na mishipa ya fahamu yaumia katikati ya vita. Asiache dawa, bali aende upesi apewe dawa ya kutuliza vita, kabla mkono haujapooza.

Hapo nilikumbuka pia vidonge vya Mectizan, ambavyo katika vijiji vyetu wagawaji huwapa watu kwa kuwapima urefu kwa fimbo, kwa ajili ya upofu wa mtoni. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuvitoa bure. Wengi walimeza mwaka mmoja, wakawashwa na kuvimba, na mwaka uliofuata wakajificha msituni. Mara nyingi mwasho ule ni mwili unaovamia minyoo midogo inayokufa ndani ya ngozi. Mtu asijifiche, amwambie mgawaji yaliyompata. Na mwenye kuugua sana, hasa akichanganyikiwa akili au kulegea, apelekwe hospitali mara moja.

Siku ya tisa mdogo wangu mwenyewe aliniuliza: "Yaya, shangazi yuko wapi? Mbona hakuja kuniona?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipomwambia, alikaa kimya, kisha akasema: "Lakini mwaka ule wa kwanza nilivimba vilevile. Siku ile alikuwa Kasongo kwenye kilio. Alinilogaje?" Mtu asiyesoma alikuwa amemaliza shauri kwa maneno machache.

Jioni ile niliwaomba wazee wakutane. Nikasema yote: mabaka ya kwanza, maneno yangu barazani, onyo ambalo sikulitambua. Mzee mmoja, mwenye akili, aliniuliza swali ambalo ndilo hasa lililo ndani ya kila shauri la ulozi: "Nyuki huchoma watu wote. Kwa nini yeye tu? Baba yenu alichomwa mara elfu, mbona hakufa?" Nikamjibu: "Mzee, baba alichomwa mara nyingi mno tangu utoto, na wengi wa hao mwili wao huzoea kweli, neno lenu la zamani si uongo. Lakini wako wachache ambao mwili wao, badala ya kuzoea, huchukia. Nao hujulikana kwa dalili: mtu akichomwa mkononi na akavimba mkononi, ni kawaida, akichomwa mkononi na ngozi ikawasha mwili mzima, midomo ikavimba, pumzi ikabanwa, huyo ameonywa. Mdogo wangu alionywa wakati shangazi yuko mbali, hana ugomvi naye. Anayestahili kuulizwa juu ya mwaka ule ni mimi."

Walikaa kimya muda mrefu. Mmoja alisema: "Hata hivyo asingesema yale maneno." Nikakubali kwamba maneno yalikuwa mabaya. Lakini kama maneno mabaya yangaliweza kuvimbisha pua, Kindu nzima tusingekuwa na mtu mwenye pua nyembamba. Mzee yule alicheka kwanza, na wengine wakafuata. Ndipo nilipojua kwamba shauri limelegea.

Kesho yake nilivuka. Mgenya aliyenipigia kasia aliniuliza kama asali ile ni ya kuuza. Nilikuwa nimebeba bidoni niliyoinunua sokoni kwa fedha yangu. Nilimkuta shangazi ameketi nje akitwanga sombe. Hakunyanyuka. Nilimwamkia, nikampa habari zote, tena nikamwomba msamaha. Akauliza:

"Uliyajua haya tangu lini?"

"Tangu usiku wa kwanza, shangazi."

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi."

Alitwanga kidogo, akasema: "Walionitupia mawe hawakujua kitu. Wewe ulijua." Sikuwa na jibu, wala sina leo. Kisha akaivuta bidoni karibu na mguu wake. "Asali nitakula. Lakini sivuki mpaka waliotupa mawe waje wenyewe kunichukua." Walikuwa vijana watatu. Wawili walikwenda. Wa tatu hajakwenda mpaka leo, na shangazi apita mbele ya nyumba yake bila kumwamkia, nami siwezi kumlaumu.

Mdogo wangu ameacha nyuki. Katika nchi nyingine ziko hospitali ambazo humchoma mtu wa namna hii sumu ya nyuki kwa vipimo vidogo sana, vikiongezwa polepole kwa miaka mitatu hata mitano, mpaka mwili wake utulie; njia ya namna hiyo ilianza London mwaka 1911, Leonard Noon alipowachoma chavua za majani watu waliougua kwa ajili yake. Mbele ya mganga mwenye adrenalini mkononi, kuzoeza kwaweza kufanyika. Barazani hakufanyiki. Sisi hatuna dawa hiyo karibu. Basi sasa mdogo wangu auza mawese, nayo hayana mwiba.

Wasomaji wapenzi, naomba mshike mambo machache. Nyuki akikuchoma, uondoe mwiba mara moja, kwa kucha au kwa chochote, maana mfuko wake huendelea kusukuma sumu. Mtu akibanwa pumzi au akizimia baada ya kuchomwa, au baada ya dawa au chakula, alazwe chini, miguu juu, akishindwa kupumua, akae huku ameegemea, miguu imenyoshwa, asisimamishwe. Apelekwe mahali penye adrenalini, tena asirudi nyumbani kabla ya kuangaliwa saa nyingi. Dawa ikikuvimbisha, ukaandikiwe jina lake katika karatasi yako ya hospitali, na ulitaje kila unapokwenda, hata asipokuuliza mtu.

La mwisho si la waganga. Ukijua jambo litakalomwondolea mwenzako aibu, usiseme "tungoje kidogo." Liseme siku ileile, hata kama litakurudishia aibu wewe. Mdogo wangu aliponywa kwa sindano tatu na maji ya mshipani, na kesho yake alikuwa akiuliza habari za suruali yake. Shangazi ni mwaka wa pili sasa, na bado kuna akina mama ambao huwaita watoto wao ndani akipita.